Chiriku Aliyepoteza Wekundu Wake

Vunja mayai mawili kwenye bakuli: moja la kuku wa kienyeji anayezurura uani, lingine la kuku wa kisasa aliyelishwa mahindi meupe na pumba. Kiini cha lile la kwanza kitakuwa cha njano iliyokolea, pengine kinaelekea rangi ya chungwa. Cha pili kinaweza kuwa kimepauka mpaka ukajiuliza kama ni yai kweli. Muuza mayai hahitaji shahada ya baiolojia kukueleza sababu. Atakwambia tu, "Huyu anakula majani." Hatakwambia kwamba kuku wa kienyeji ana damu ya njano.

Sasa, hilo analolijua muuza mayai liliwachukua wataalamu wa ndege miongo kadhaa kulikubali walipokutana nalo kwenye manyoya ya ndege mmoja mdogo wa Amerika. Na walipolikubali, kumbe muuza mayai naye ana nusu tu ya jibu. Leo nataka tufuatilie safari hiyo, maana ndani yake kuna swali ambalo halijaishia kwa ndege: ukiona kiumbe amekuwa tofauti na wenzake, unajuaje kama amezaliwa hivyo au amefanywa hivyo na maisha?

Ndege mwenyewe

Chiriku ni jina tunalowapa ndege wadogo wa familia ya Fringillidae, wale wenye mdomo mfupi na mnene wa kupasulia mbegu. Mtaani chiriku ni mtu asiyenyamaza, na ukiwahi kuwasikia ndege hawa asubuhi huulizi jina lilitoka wapi. Anayetuhusu leo kitaalamu anaitwa Haemorhous mexicanus. Kwao, yaani Mexico na upande wa magharibi wa Marekani, jina lake la kawaida lina maana ya chiriku wa majumbani, kwa sababu anapenda kujenga kiota barazani, juu ya taa za nje, hata ndani ya vyungu vya maua vinavyoning'inizwa.

Ni ndege wa gramu 20 hivi. Jike ni wa kahawia mwenye michirizi, mtu unaweza kumpita bila kumwona. Dume naye ni wa kahawia, ila kichwani, kifuani na kiunoni juu ya mkia ana rangi. Kwa kawaida rangi hiyo ni nyekundu. Lakini karibu kila mahali wanapoishi utakuta madume wachache wa rangi ya chungwa, na wachache zaidi ambao ni njano kabisa, kama waliosahau kumalizia kujipaka.

Kwa muda mrefu hao wa njano walikuwa kitu cha kushangaza tu, cha kuandika kwenye daftari na kuendelea na safari. Mambo yalibadilika kwa sababu ya Hawaii.

Visiwa vya ndege wa njano

Kabla ya mwaka 1870, Hawaii ikiwa bado ufalme wenye mfalme wake, watu walipeleka huko chiriku hawa kutoka bara. Ni mbali: kutoka California ni karibu kilomita 4,000 za maji matupu, kwa hiyo ndege mdogo namna hii hawezi kwenda na kurudi kutembelea ndugu. Waliofika walibaki, wakazaana, wakaenea visiwani. Wenyeji waliwaita ndege wa mapapai, kwa jinsi walivyopenda kuyadonoa.

Mwaka 1911, Joseph Grinnell alichapisha utafiti kuhusu ndege hao. Grinnell hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Makumbusho ya Zuolojia ya Wanyama wenye Uti wa Mgongo, yaliyoanzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na alijulikana kwa kuwabana wanafunzi wake waandike kila kitu: tarehe, mahali, hali ya hewa, ndege alikuwa anafanya nini. Alipoweka ngozi za ndege wa Hawaii kando ya zile za California, aliona jambo lililo wazi. Kule bara wekundu ndio wengi na wa njano ni wa kuhesabu. Hawaii ilikuwa kinyume: njano na chungwa ndizo zilizotawala.

Kwa nini? Kumbuka mwaka. Kazi za Mendel kuhusu urithi zilikuwa zimefufuliwa mwaka 1900, na kila mtaalamu wa viumbe alikuwa anaona urithi kila mahali. Maelezo ambayo Grinnell aliyapa uzito yalikuwa ya urithi pia: ndege wachache walipelekwa kisiwani, wakazaana wenyewe kwa wenyewe bila damu mpya kutoka bara, na ile hali ya njano iliyokuwa nadra ikawa ya wengi. Aliona kama yuko mbele ya spishi mpya inayozaliwa, na kweli akawapa ndege wa Hawaii jina lao la kisayansi, Carpodacus mutans. Hilo neno la pili ni la Kilatini, lina maana ya "anayebadilika".

Tusimcheke. Hoja yake ilikuwa na mantiki, na mpaka leo tunajua kwamba kundi dogo lililotengwa linaweza kubadilika kwa njia hiyo hasa. Isitoshe, ushahidi wa upande wa pili ulikuwepo ila ulionekana mdogo. Wafugaji wa ndege walikuwa wanajua tangu karne ya 19 kwamba ukimfungia dume mwekundu tunduni, akibadilisha manyoya huota ya njano. Dume yuleyule, damu ileile, tundu tu ndilo jipya. Lakini maneno ya wafugaji hayakuwa na uzito sawa na yale ya Mendel.

Mwalimu wa Bremen

Wakati Amerika wanajadili ndege wa mwituni, Ujerumani kulikuwa na mwalimu wa sekondari aliyetaka kutengeneza ndege asiyekuwepo. Huyu ni Hans Duncker wa mji wa Bremen. Miaka ya 1920, akishirikiana na mfugaji aitwaye Karl Reich, alidhamiria kupata kanari mwekundu. Kanari ni jamii ya chiriku waliofugwa kwa karne nyingi, na walikuwepo wa njano, weupe, wa kijani, lakini mwekundu hakuwepo.

Wazo la Duncker lilikuwa safi kama hesabu. Amerika Kusini, hasa Venezuela, kuna chiriku mdogo mwekundu mwenye kichwa cheusi, Spinus cucullatus. Mchanganye na kanari, chukua watoto, warudishe kwa kanari, endelea kuchagua wenye rangi iliyokolea. Ukimhamisha jeni wa wekundu, umepata kanari mwekundu. Ndege walizaliwa, vizazi vikapita, na Duncker akapata kanari wa rangi ya chungwa na shaba. Wekundu kamili ukamkataa. Wafugaji waliokuja baadaye ndio waliogundua kwamba ndege wale walihitaji pia kulishwa vyakula vyenye rangi wakati wa kuota manyoya. Uwezo walikuwa nao, malighafi hawakuwa nayo.

Jambo hili lingekuwa kisa cha wafuga ndege tu, isipokuwa Duncker alikuwa pia mtetezi wa eujenia, ile itikadi iliyodai kwamba jamii ya watu inaweza "kuboreshwa" kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Kichwa kilekile kilichoamini kwamba rangi ya kanari iko kwenye damu peke yake kiliamini pia kwamba thamani ya mtu iko kwenye damu peke yake. Tunajua Ujerumani ilifika wapi na imani hiyo. Kanari wake walikuwa wanamkatalia mbele ya macho yake, na hakuwasikia.

Mume na mke wenye mitego bustanini

Turudi California. Mji wa Pasadena, karibu na Los Angeles, waliishi Harold na Josephine Michener, mume na mke waliokuwa wanakamata ndege bustanini kwao, wanawavalisha pete miguuni na kuwaachia. Pete ikishakuwepo, ndege si "mmoja wa wale" tena, ni huyu. Ukimkamata tena mwaka kesho unajua ni yuleyule.

Mwaka 1931 walichapisha walichokiona kuhusu rangi za madume wa chiriku hawa. Kwa ufupi: rangi ya dume mmoja si ya kudumu. Ndege huyu hubadilisha manyoya mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi cha kule kuingia majira ya vuli, na manyoya mapya yanaweza kutoka na rangi tofauti na ya zamani.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Mtu akizaliwa na macho ya kahawia, hatuamki mwakani tukamkuta ana ya bluu. Kama rangi ya chiriku ingekuwa imeandikwa kwenye urithi na kufungwa, dume angebaki na rangi moja maisha yake yote. Wanandoa hawa hawakuhitaji maabara kuonyesha kwamba kuna kitu zaidi. Walihitaji pete, daftari na uvumilivu wa kukamata ndege walewale mwaka baada ya mwaka.

Jaribio ambalo hakuna aliyelipanga

Kisha historia ikaleta ajali. Mnamo mwaka 1940 maduka ya ndege ya New York yalikuwa yanauza chiriku hawa kama ndege wa kufuga, wakisafirishwa kutoka California na kupewa jina la biashara lenye mvuto: "chiriku wa Hollywood". Tatizo ni kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamao ilikataza biashara hiyo. Habari zilipofika kwa wahusika na wafanyabiashara wakaona kesi inakuja, baadhi yao walifungua matundu. Mwaka 1941 ndege hao walionekana wakiwa huru kwenye ufuko wa Jones Beach, Long Island.

Hebu linganisha na Hawaii. Kundi dogo, limetolewa California, limetupwa mbali na kwao, bara zima likiwa katikati, na wakazaana wenyewe kwa wenyewe. Kama kuzaana ndani kwa ndani ndiko kunakoleta unjano, basi mashariki ya Marekani ingejaa ndege wa njano. Haikuwa hivyo. Waliongezeka mpaka wakajaza miji ya mashariki, na wengi wa madume wao ni wekundu. Ajali mbili zinazofanana kwa mwanzo zilileta matokeo mawili tofauti. Kilichokuwa tofauti ni mahali.

Rangi inayoliwa

Hapa tunahitaji kemia kidogo, usikimbie.

Ndege ana njia kuu mbili za kupata rangi ya kemikali kwenye manyoya. Ya kwanza ni melanini, inayotoa weusi na kahawia, ambayo mwili wake huitengeneza wenyewe, kama sisi tunavyofanya kwenye ngozi na nywele. Ya pili ni karotenoidi, zinazotoa njano, chungwa na nyekundu. Hizi hutengenezwa na mimea, mwani, kuvu na bakteria. Ndege hawezi kuzitengeneza kutoka mwanzo. Ni lazima azile. Ndiyo maana heroe wa Ziwa Natron na Ziwa Bogoria wana rangi ya waridi: wanaichuja majini pamoja na vijimea vidogo wanavyokula. Na ndiyo maana ya kile kiini cha yai.

Mwaka 1976 Alan Brush na Dennis Power walichapisha utafiti uliounganisha chakula na rangi ya chiriku wetu moja kwa moja. Ndege wa tunduni walipauka kwa sababu chakula chao hakikuwa na karotenoidi zinazofaa. Wafugaji wa karne ya 19, pamoja na muuza mayai wetu, wakawa wamepata cheti.

Aliyelibeba swali hili mbali zaidi ni Geoffrey Hill, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan. Alichukua madume wa makundi mbalimbali yenye rangi tofauti, akawaweka ndani, akawalisha chakula kimoja. Waliopewa mbegu tu, wote walitoka wamepauka. Waliopewa kantazanthini, karotenoidi nyekundu, wote walitoka wekundu waliokolea, haijalishi walikotoka. Tofauti za rangi kati ya makundi zilifutika. Kuhusu Hawaii, hitimisho lake lilikuwa kwamba unjano wa kule unaelezeka vizuri zaidi kwa karotenoidi zinazopatikana kuliko kwa urithi. Jina la mutans likaishia kwenye makabrasha. Ndege wa Hawaii ni Haemorhous mexicanus kama wenzake.

Utauliza, na mapapai je? Si yana karotenoidi tele? Yanazo, lakini karotenoidi ziko za aina nyingi na hazifanyi kazi sawa mwilini. Tena kinachohesabika ni kile kilichomo mwilini katika wiki zile unyoya unapoota. Unyoya ukishamaliza kuota ni kitu kilichokufa, kama ukucha. Hata ukila vizuri kiasi gani baadaye, umechelewa.

Jike anaangalia nini?

Kama rangi ni suala la chakula tu, kwa nini ndege ahangaike nayo? Hapo Hill alifuata njia iliyokuwa imefunguliwa huku kwetu. Mwaka 1982 mtafiti wa Sweden, Malte Andersson, alichapisha jaribio alilolifanya katika nyanda za juu za Kinangop, Kenya, kwa ndege weusi wa nyikani ambao dume wakati wa kuzaliana ana mkia mrefu kupindukia, nusu mita hivi. Andersson alikata mikia ya baadhi ya madume na kuiongeza kwa gundi kwenye mikia ya wengine. Waliorefushwa walipata majike wengi zaidi kujenga viota kwenye maeneo yao. Tangu hapo ikawa vigumu kudai kwamba jike hachagui.

Hill alifanya hivyohivyo kwa rangi, akitumia dawa za kupaka nywele za saluni. Madume wengine aliwakoleza, wengine akawafifisha. Waliokolezwa walipata wenza kwa urahisi zaidi. Na alipofuatilia ndege ambao hawakuguswa, aliona kwamba wekundu zaidi walileta chakula zaidi kiotani na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuvuka msimu wa baridi wakiwa hai. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1991. Kwa hiyo jike anayechagua mwekundu anasoma taarifa fulani: huyu miezi michache iliyopita, wakati wa kuota manyoya, mambo yake yalikuwa mazuri.

Kisha likaja pigo. Majira ya baridi ya mwaka 1994, karibu na Washington, watu walianza kuona chiriku wenye macho yaliyovimba na kuziba. Bakteria aliyehusika, Mycoplasma gallisepticum, wafugaji wa kuku wanamjua: ndiye anayewafanya kuku wakorome na kutoka mafua. Safari hii alikuwa amehamia kwa ndege wa porini, na aliwapunguza sana. Katika mji wa Auburn, Alabama, ambako Hill alikuwa amehamia, yeye na wenzake waliona kwamba madume wekundu zaidi ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kupona wimbi lile. Baadaye majaribio ya tunduni yakaonyesha upande wa pili wa shilingi: ndege anayeugua wakati wa kuota manyoya huota yenye wekundu hafifu, hata chakula kikiwa kilekile.

Chakula kilekile. Hapo ndipo muuza mayai wetu anapoishia.

Unga, moto na mpishi

Karotenoidi nyingi ambazo chiriku huzipata kwenye mbegu na matunda ni za njano. Zile nyekundu zilizomo kwenye manyoya yake, nyingi hakuzila zikiwa nyekundu. Alikula za njano, mwili ukazigeuza kwa kuziongezea oksijeni. Mwili wa ndege ni jiko.

Sasa rudi kwenye jaribio la kantazanthini. Kantazanthini tayari ni nyekundu. Kumlisha ndege kantazanthini ni sawa na kumpa mtu ugali uliokwisha kupikwa, kisha useme tumethibitisha watu wote wanajua kusonga. Jaribio lilionyesha kwa uhakika kwamba ukosefu wa rangi mwilini humpausha ndege, lakini liliruka jiko zima. Nadhani hili ndilo somo bora kwa yeyote anayepanga majaribio: jibu linaweza kuwa sahihi kabisa, na bado likawa jibu la swali dogo kuliko ulilofikiri umeuliza.

Jiko lenyewe lilipatikana mwaka 2016, na lilipatikana, amini usiamini, kupitia kwa kanari wa Duncker. Timu moja ya watafiti ilisoma jenomu za kanari wekundu, wazao wa ule mchanganyiko wa Bremen, ikatafuta vipande vya DNA walivyorithi kutoka kwa yule chiriku wa Venezuela. Timu nyingine ilikuwa inasoma ndege wadogo wa Australia wanaofugwa maabara, ambao baadhi yao huzaliwa na mdomo wa njano badala ya mwekundu. Zote mbili zilifika mlango mmoja: jeni iitwayo CYP2J19, inayotengeneza kimeng'enya cha kugeuza karotenoidi za njano kuwa nyekundu. Ndege wengi wanayo jeni hii kwa sababu huitumia ndani ya jicho, kwenye vitone vidogo vyekundu vinavyowasaidia kutofautisha rangi. Ndege wekundu waliipa kazi ya ziada kwenye manyoya. Mwaka 2022 ikaongezeka jeni mshirika, BDH1L, inayofanya kazi bega kwa bega na hiyo.

Na moto? Mwaka 2019 Hill na wenzake walichapisha utafiti wa chiriku wetu hawahawa wakiwa katikati ya kuota manyoya. Madume waliokuwa wanaota manyoya mekundu zaidi walikuwa na mitokondria zinazofanya kazi vizuri zaidi, yaani vile viwanda vya nishati ndani ya seli. Inaonekana ugeuzaji wa rangi unafungamana na mashine zilezile zinazouendesha mwili.

Kwa hiyo kusonga ugali huu kunahitaji vitu vitatu. Unga ni karotenoidi za chakula. Mpishi ni kimeng'enya, na huyo anatoka kwenye urithi. Moto ni afya ya ndege wakati ule. Kosa kimoja, na unyoya unatoka njano. Ukimwona ndege wa njano kwenye tawi, kwa macho peke yake huwezi kujua ni kipi kilichokosekana.

Grinnell alikuwa sahihi kwamba urithi umo. Alikosea kudhani kwamba ndio uliotofautisha Hawaii na California. Walioshangilia chakula walikuwa sahihi kuhusu Hawaii, lakini waliwahi kidogo kufunga jalada.

Droo za Berkeley

Nimalizie na jambo la Grinnell ambalo huwa linanigusa. Mwaka 1910, mwaka mmoja kabla ya makala yake ya Hawaii, aliandika kwamba thamani ya kweli ya vielelezo alivyokuwa anakusanya huenda isionekane mpaka miaka mingi ipite, pengine karne nzima. Alijua kwamba atakosea mahali fulani, na akaweka akiba kwa ajili ya watakaomsahihisha. Na akiba za namna hiyo zimetumika kweli. Mwaka 1999 watafiti wa California walilinganisha madume wa siku zao na ngozi za zamani zilizohifadhiwa makumbusho, wakaona kwamba madume wasio wekundu wameongezeka, na wakahusisha jambo hilo na ugonjwa wa ndui ya ndege. Bila droo zile, hakuna ambaye angejua kwamba zamani haikuwa hivyo.

Kwetu swali hili halihitaji ndege wa Hawaii. Wengi wetu tumewahi kuona, au kusimuliwa na bibi, mtoto ambaye nywele zake zilipoteza weusi, zikawa nyepesi na za rangi ya kutu. Wapo waliosema amerogwa. Wapo waliosema ukoo wa mama yake ndivyo ulivyo. Muuguzi wa zahanati aliangalia nywele na miguu iliyovimba, akasema kwashiakoo, mpeni mtoto maharage, maziwa na mayai. Kemia yake ni tofauti na ya chiriku, lakini kosa la kusoma mwili ni lilelile, na gharama yake ni kubwa kuliko jina la Kilatini lililofutwa kwenye orodha. Anayesema "ndivyo walivyozaliwa" hatafuti chakula. Anayesema "ni chakula tu" hapimi ugonjwa mwingine uliojificha.

Akina Michener walikuwa na dawa rahisi ya kosa hili. Usimwangalie ndege mara moja. Mvalishe pete, mwachie, subiri abadilishe manyoya, kisha mwangalie tena.